Gogo la Fisi na Fito za Kidosho

"Masikio yapo?"
"Yapo, yamesimama!"
"Nimwage?"
"Mwaga, tuokote!"

Haya. Palikuwa na farasi, Mama Machano, na mwanawe Machano, mtoto wa miguu mirefu isiyojua iende wapi. Malisho yao yalikuwa yanakauka. Majani mabichi yalikuwa ng'ambo ya korongo, na Machano hajui kuruka hata kijiti.

Akaja Fisi, mate yanamchuruzika. "Dada, niachie mtoto nimfundishe. Siku saba tu."

Mama akakubali. Fisi akaleta gogo nene lenye visiki vya matawi. Akaliweka juu, usawa wa kifua cha mtoto, akalifunga kamba kwenye miti huku na huku. Halitikisiki. "Ruka, mwanangu! Ukianguka, mjomba nipo."

Machano akakimbia, ko-ko, ko-ko, ko-ko... pwaa! Goti likachubuka. Fisi akailamba damu. "Pole, mwanangu," anasema huku anameza.

Kichakani alikuwapo digidigi mmoja, Kidosho. Hafiki hata goti la farasi, lakini kuruka ndiyo kazi yake. Aliuona ulimi ule, akawaza: Huyu hafundishi, huyu anapika! Akaapa moyoni: mtoto atavuka, tena kwa miguu yake yote minne.

"Mama Machano," akasema, "gogo hili likigongwa halianguki. Basi ataanguka mtoto. Niachie mimi."

Fisi akacheka mpaka akakohoa. "Wewe mwenye miguu ya njiti! Utafundisha farasi?"

"Nitafundisha."

"Kwa nguvu gani?"

"Kwa fito."

Mama akalitazama goti la mwanawe. "Haya, Kidosho. Fanya."

Kidosho akaingia msituni. Ufito huu una miiba, tupa. Huu umeoza, utakatika uache ncha, tupa. Huu mzito, tupa. Jua likamchoma, kwato zikamuuma, akaendelea. Akapata fito nyepesi, zilizonyooka. Akazichonga ubapa upande mmoja zisiviringike chini ya kwato, akazipaka chokaa mtoto azione.

Kesho yake akalaza ufito mmoja chini. "Pita." Ko-ko, ko-ko, Machano akapita. Siku ya tatu akalaza fito tatu, akaziachanisha kwa kupima hatua za mtoto mwenyewe, si za mama yake. Machano akapita. Siku ya nne akaegesha ufito juu ya vijiti viwili vifupi vyenye panda, bila kamba. Machano akaugonga, kong'! Ufito ukaanguka. Mtoto akasimama, akajitazama: miguu yote ipo. Akarudi kujaribu tena, bila kutumwa.

Siku ya sita Fisi, njaa imemkaba, akafoka: "Michezo ya watoto! Mimi nalipandisha gogo langu juu zaidi!"

"Sawa, mjomba," Kidosho akajibu kwa upole. "Ila lifunge vizuri."

"Nalifunga!"

"Kaza."

Akakaza.

"Kaza tena."

Akakaza mpaka kamba ikalia ngiii.

Kidosho akamnong'oneza Machano. Mtoto akazunguka nyuma ya gogo, akajilaza, akapiga kelele: "Uwii! Mguu wangu! Mguu umevunjika!"

Fisi kusikia neno "umevunjika", akasahau kuwa angeweza kuzunguka. Akatimua mbio, vumbi vuu, akaruka! Miguu ya mbele ikapita. Ile ya nyuma, mifupi, haikupita. Pwaa! Gogo halikutikisika. Fisi akabaki ananing'inia kwenye visiki, kichwa huku, mkia kule.

"Nifungueni!"

"Umekaza mno, mjomba," Kidosho akasema. "Hatuwezi."

Alijinasua jioni, akaondoka anachechemea, na mgongo wake umeteremka nyuma mpaka leo. Asubuhi ya siku ya saba Machano alisimama ukingoni mwa korongo, anachungulia chini. Kidosho akaruka kwanza. Machano akavuta pumzi, ko-ko, ko-ko, hop! Akatua majanini. Mama akalia, kisha akamfuata.

Ngano imefika nyumbani, imevua viatu. Na funzo lake, wanangu, ni hili: ukitaka kumfundisha farasi, tafuta gogo nene, liweke juu kabisa, ulifunge likaze. Halafu uruke wewe kwanza.