Kiraka Chini ya Tumbo la Njiwa

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana baadhi ya waliokuwapo bado wanakohoa hadi leo, palikuwa na hospitali ya misheni nyuma ya milima, mahali panapoitwa Isunta. Masika yakikolea barabara ilikatika, na mgonjwa aliyezidiwa hakuwa na njia nyingine ya kufika hospitali kubwa ya mjini ila ya juu. Njia hiyo ilikuwa ndege moja ndogo, nyeupe. Watu waliiita Njiwa. Rubani wake alikuwa mtu wa huko huko, Mzee Apolinari.

Njiwa ikazeeka kama sisi tunavyozeeka. Ikapelekwa mjini, ikakatwakatwa ikawa vyuma chakavu. Mzee Apolinari naye akashikwa na presha ya macho, akawa haoni kabisa. Miaka ikapita bila ndege, watu wakafia njiani, Mungu awape raha ya milele. Kisha ikaja habari kwamba ndege mpya imepatikana.

Sista Gaudensia, mkuu wa hospitali, akasema siku ya kuibariki hiyo mpya, ile ya zamani isisahauliwe. Itengenezwe mfano wake, mdogo wa kubebwa mikononi, upelekwe altareni pamoja na vipaji vingine vya sadaka, kisha utundikwe kanisani uwe shukrani. Na huko Isunta ilikuwa desturi kwamba kipaji cha shukrani hakinunuliwi dukani. Lazima kitoke mkononi mwa mtu.

Halafu akatoa ahadi. Ndege mpya ikishabarikiwa itazunguka mara moja juu ya Isunta. Itakuwa imejaa maboksi ya dawa, kitabaki kiti kimoja tu kando ya rubani. Akasema, "Mfano huo tutampa Mzee Apolinari aupapase. Yule ambaye kazi yake itamfanya Mzee aseme hii ni Njiwa yangu, huyo atapanda."

Kazi akapewa Fundi Osmundi, fundi bati, mtengenezaji wa koroboi na makarai. Osmundi alikuwa hajawahi kupanda hata ngazi ndefu, na macho yake yalianza kufifia kwa moshi wa kulehemu. Alitaka aione dunia kutoka juu kabla giza halijamfikia.

Akakata kopo la mafuta ya kupikia, akalikunja juu ya mchi mpaka likapata umbo la mwili wa ndege. Nguzo za mabawa akazifanya kwa spoki za baiskeli. Vioo akavikata kwenye chupa ya maji. Kisha akagonga ncha ya msumari kwa ndani, polepole, kila alama ikatokeza nje kama kipele, safu kwa safu, kama vile vichwa vya ribiti zinazoshikilia bati za ndege ya kweli. Panga la mbele ukilipulizia pumzi lilizunguka. Watu walifika kibandani kwake wakiwa na maneno mengi, wakaishia kulipulizia panga. Bibi mmoja alifanya ishara ya msalaba.

Lakini Osmundi mwenyewe hakutulia. Alikuwa ameiona Njiwa kutoka kwenye uzio tu. Ndani ya ndege yake mlikuwa mtupu, kama kopo lilivyokuwa. Akaenda kwa Mama Skolastika, mshona nguo, kumwuliza ndani mlikuwaje, kwa kuwa alijua aliwahi kubebwa na Njiwa.

Skolastika akamwambia, "Fundi, mimi nililazwa chali. Ninachokijua ni dari."

Osmundi akacheka. "Basi nishonee dari, mama."

Akamshonea. Akachukua kitambaa cha kijivu, akakipiga mshono wa miraba, na kwenye kona moja akaacha uzi umefumuka, kwa sababu ndani ya Njiwa ulikuwa umefumuka. Akakata kipande cha chandarua akafanya wavu wa kuwekea vitu. Akapinda pini ndogo ikawa ndoano ya kutundikia dripu, na dripu yenyewe akaifanya kwa ushanga wa kioo. Akaweka machela yenye blanketi, na mikanda yenye vibano vinavyofunga na kufunguka. Vyote hivyo aliviingiza kwa sindano kupitia mlango unaotosha ncha ya kidole tu. Osmundi alichungulia dirishani akasema hajui kama ameangalia ndani ya bati au ndani ya kichwa cha mtu.

Wa tatu hakuitwa, alijileta. Ni Desideri, mlinzi wa uwanja wa ndege. Ulinzi wenyewe ulikuwa kufukuza ng'ombe. Kila Njiwa ilipotua ilimpita juu ya utosi, naye akalala kifudifudi, kisha akageuka kuitazama. Akawaambia mlivyoifanya ni vizuri, lakini hebu ipindueni.

Osmundi akasema, "Haya, mchunga ndege, tuonyeshe."

Desideri akapaka masizi na mafuta kuanzia injini hadi mkiani, ule mchirizi ambao Njiwa haikuachana nao. Akafunga uzi mwembamba uwe waya wa redio. Akatia matope mekundu kwenye magurudumu yaliyokatwa kwenye ndala. Mwisho akakata kipande cha bati, akakipigilia chini ya tumbo, kimepinda, kona moja imeinuka.

Osmundi akakasirika. Alisema ametumia macho yake yaliyobaki kunyoosha bati hilo, na sasa analetewa kiraka kama cha suruali.

Desideri akajibu, "Kilikuwepo, fundi."

"Nani atakiona huko chini?"

"Itatundikwa juu kanisani. Watu wote watatazama tumbo."

Kiraka kikabaki.

Siku ikafika. Misa ilisomewa uwanjani, ndege mpya ikanyunyiziwa maji ya baraka. Mzee Apolinari akaketishwa kitini, Sista akamwekea ule mfano mapajani. Uwanja mzima ukasimama kwa ncha za vidole, hata vikongwe. Mimi ni mwepesi wa kutia chumvi, najijua, lakini hapa siongezi chochote.

Mzee akapapasa mabawa, akapitisha kidole kwenye vipele vya ribiti. Akasema, "Ni ndege ya aina yangu. Lakini za aina hii zilikuwa nyingi."

Akaingiza ncha ya kidole mlangoni, ikagusa ndoano, ikagusa ushanga, ikafika kwenye ule uzi uliofumuka. Akasema, "Hii imebeba wagonjwa."

Akaigeuza. Kidole gumba kikateleza tumboni, kikafika kwenye kiraka, kikakwama kwenye ile kona iliyoinuka. Mzee akainamisha kichwa akaweka paji la uso juu ya bati.

"Hii ni Njiwa yangu," akasema. "Nani ameweka hiki?"

Desideri akapiga magoti. Hapo ndipo alipotoa kile alichokificha siku zote. Watu walikuwa wakiamini tumbo la Njiwa lilipasuliwa na jiwe. Hapana. Siku ile yeye alikuwa amelewa pombe ya harusi, amelala kivulini, na ndama akaingia uwanjani. Njiwa ikitua ikamkwepa ndama, ikaparamia kichuguu. Muda mwingi ukapotea kuikagua kabla haijaweza kuruka, na mgonjwa anangoja. Mgonjwa huyo alikuwa Skolastika, na uchungu umeshamshika.

Skolastika hakulia. Alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

Mzee Apolinari akasema, "Nilijua, Desideri. Nilikuona ukiamka. Nikanyamaza kwa kuwa na mimi nina langu. Sheria ni kuzunguka kwanza juu ya uwanja ili ng'ombe waondolewe. Siku ile niliharakisha, sikuzunguka."

Rubani wa ndege mpya akaangalia mawingu, akasema mvua inavuka mlima, kama ni kupanda apande mtu sasa. Mama mmoja akasema basi apande Mzee mwenyewe. Mzee akakataa, akasema yeye ameshashiba anga. Sista akawaambia wale watatu kila mmoja aseme neno lake.

Osmundi akasema, "Kazi nilipewa mimi. Bila bati langu, ndoano ingening'inia wapi? Na kiraka kingepigiliwa hewani? Mwakani mkiniahidi tena, sitakuwa na macho ya kuonea."

Desideri akasema, "Kosa ni langu, silikatai. Lakini ningekiacha hicho kiraka, nani angejua? Nilikiweka kwa sababu kilikuwepo, na ndicho Mzee alichokitambua, kama Sista alivyosema. Tangu nikiwa na nywele nyeusi naambiwa Desideri ondoa jiwe, Desideri fukuza ng'ombe. Hajatokea mtu wa kusema Desideri panda."

Skolastika akasema wa mwisho. Alipoanza, sauti ilikuwa ndogo na watu wakasogea.

"Mwanangu alizaliwa ndani ya Njiwa, akafia humo humo. Niliishika ile dari kwa macho ili nisipige kelele. Dirishani sikuangalia. Sijui mwanangu aliondokea mahali pa namna gani, kama ni juu ya mawingu au juu ya mashamba ya watu. Nataka niangalie mara moja tu."

Akamgeukia Desideri, kisha akaigeukia ndege.

Panga la ndege mpya likaanza kuzunguka. Majani yakalala. Mlango ulikuwa wazi, na kiti kilionekana, kitupu, na mkanda wake unaning'inia. Sista Gaudensia akafumba macho akasali, akafumbua, akatazama watu wa Isunta, nao wakatazama chini.

Hapo ndipo ninaponyamaza. Nimeipeleka habari hii mbele za Mungu mara nyingi na sijaelewa jibu lake. Nakuomba wewe unayenisikiliza usiniambie kwamba wote watatu walistahili, maana hilo nalijua, na kiti kilikuwa kimoja.

Je, nani alistahili kupanda? Nitajie jina lake.