Kiboko na Nembo ya Kisima

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa gani hiyo ya walioshiba? Paukwa!

Pakawa!

Kisima kilikuwa cha wote, mmoja akakitaka.

Tumfanyeje?

Mtieni alama. Haya, kaeni, na asinichekee mtu, maana leo nimekasirika.

Hapo kale wanyama wa huku juu hawakuwa na maji. Wakachimba kisima. Twiga alichimba, Ngiri alichimba, Kanga alichimba na vifaranga wake nyuma. Ti, ti, ti, mpaka maji yakatoka. Kiboko hakuchimba. Alipanda kutoka mtoni, mto mzima anao, akaja akakaa mdomoni mwa kisima, akasema yeye ndiye mwenyekiti. Nani alimchagua? Tumbo lake.

Wanyama wakasema, "Tuweke nembo kwenye ukuta wa kisima. Kila aliyechimba apige alama ya mguu wake, hata mgeni akipita ajue anakaribishwa."

Kiboko akasema, "Nembo ni uso wangu. Mwenye alama ndiye mwenye mali. Wengine tokeni."

Kanga akaleta vifaranga wake, midomo wazi kwa kiu. Kiboko akawafukuza. Mmoja akaanguka palepale mchangani, hakuinuka tena. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Sasa kulikuwa na Pimbi, fundi wa kuchora, mdogo hata kikapuni anaenea. Akamwendea Kiboko.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Uso wangu uko wapi?"

"Ukuta haukufai, Mzee. Mvua ikinyesha unabomoka. Nembo tuichore tumboni mwako, kila uendako waione."

Kiboko akapenda mno. Akalala chali, pu.

"Fumba macho, Mzee. Rangi yenyewe ni mafuta ya ganda la korosho. Yakikuingia jichoni umekwisha."

Ninyi wabanguaji wa korosho mnayajua mafuta hayo. Yakishika ngozi hayatoki leo wala kesho.

Pimbi akawaita wenzake kimyakimya. Ngiri akachovya mguu, akakanyaga, pa.

"Nini hiyo?"

"Brashi, Mzee."

Twiga akachovya, akakanyaga, paa.

"Mbona nzito?"

"Brashi kubwa, Mzee. Sifa zako nyingi."

Kanga akaja na vifaranga waliobaki, pi pi pi pi.

"Hizo zinanitekenya."

"Brashi za kumalizia, Mzee."

Kanga akakanyaga mara ya pili, kwa niaba ya yule aliyebaki mchangani.

Kiboko akafumbua macho. Tumbo zima nyayo tupu. Akasugua, akagaagaa, wapi.

Pimbi akamwuliza, "Mwenyekiti, ulisemaje kuhusu alama?"

Kiboko akazidi kusugua.

"Ulisema mwenye alama ndiye mwenye mali. Basi wewe ni wetu sote. Beba ndoo."

Akabeba kiangazi chote, akiwanywesha vifaranga kwanza. Walipomwachia, akateremka mtoni akalizamisha tumbo majini, na mpaka leo hataki lionekane.

Hadithi yangu imefika kisimani, mwenye kiu anywe. Funzo lake: waheshimuni wenyeviti, msiwakanyage hata kidogo.

Na wewe Mzee Nandonde hapo mbele, uliyebandika picha yako kwenye tangi letu la maji, mbona unafunga vifungo vya shati? Joto lote hili? Lala chali upumzike.