Chapa ya Fisi kwenye Paja la Farasi

Paukwa!

Pakawa.

Mbona sauti zimepoa kama uji wa jana? Paukwa!

Pakawaaa!

Ehe, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale palikuwa na Farasi jike na mtoto wake. Hawakuwa na bwana. Walikula wapendapo, wakalala wapendapo.

Nchi hiyo ilikuwa na sheria moja: mnyama aliyepigwa chapa angali ananyonya ni mali ya aliyempiga chapa, na watoto wake pia. Wala mnyama mwenye chapa haulizwi neno. Walisema, mdomo hudanganya, ngozi haidanganyi.

Masika moja Farasi akashikwa na baridi yabisi. Paja likamuuma, akawa anachechemea. Fisi akaja na kibuyu cha majivu na chuma, akajifanya mganga.

“Pole, dada. Maumivu haya dawa yake ni kuchomwa. Hata bibi yako alichomwa.”

Nanyi mnajua, wazee wetu maradhi mengi waliyatibu kwa moto. Farasi akakubali. Akageuza uso, akauma meno. Fisi akabandika chuma, tsss!

Mvua zikaisha, kidonda kikapona, likabaki kovu kama mwezi mchanga. Ndipo Fisi akaja anacheka.

“Twende nyumbani. Na huyo mtoto wangu umlete.”

“Mtoto wako?”

“Tazama paja lako. Hiyo ni chapa yangu.”

Salale! Farasi akageuza shingo, akaliona kovu. Dawa gani hii, jamani?

Wakaenda kwa kadhi, naye ni Nyati. Wanyama wote wakajaa uwanjani. Farasi akafungua mdomo aseme.

“Nyamaza!” akasema Nyati. “Mwenye chapa haulizwi. Fisi, ulimpiga chapa lini?”

“Alipokuwa ananyonya.”

“Lini?”

“Alipokuwa ananyonya, bwana kadhi.”

“Mara ya tatu nakuuliza, lini?”

“Naapa kwa mama yangu, alipokuwa ananyonya, hajajua ladha ya majani!”

“Lete chuma.”

Fisi akakiweka chuma juu ya kovu. Kikakaa sawasawa. Hakikuzidi, hakikupungua.

“Ni yake! Ni yake!” umati ukapiga kelele. Fisi akaanza kumlamba shingoni yule mtoto wa Farasi, mate yanamdondoka. Nikifika hapa mwili hunisisimka, wallahi.

Mara Pundamilia akajitokeza mbele.

“Bwana kadhi, nitazame mimi. Nilipozaliwa, mistari yangu ilikuwa myembamba kama unyasi. Leo ni mipana hivi, wala sikuongezewa hata mmoja. Ngozi ikikua, alama hukua nayo. Kama Farasi alichomwa akinyonya, kovu lingekuwa kubwa kuliko chuma. Mbona vinalingana?”

Umati ukasogea kulitazama kovu. Lo! Kile kile walichodhani ni ushahidi wa Fisi, ndicho kilichomuumbua. Farasi alichomwa juzijuzi tu, akiwa mkubwa!

Nyati alipogeuka, Fisi ameshatupa chuma, anatimua mbio. Wakamfukuza mpaka ng'ambo ya mto, wakamwonya asirudi tena.

Nyati akapumua. “Farasi, nenda na mwanao. Lakini nawe una makosa. Mbona hukusema kwamba ulichomwa kwa dawa?”

Farasi akamtazama sana.

“Nilifungua mdomo, bwana kadhi. Ukaniambia ninyamaze.”

Nyati akainamisha pembe zake mpaka zikagusa mchanga. Siku hiyo hiyo akaifuta ile sheria.

Basi wanangu, shikeni hili: ukiona alama kwenye mwili wa mwenzio, usikimbilie kuisoma. Muulize kwanza aliyechomwa.

Ngano yangu imefika mwisho wa njia. Ikiwapendeza, ichukueni mwende nayo. Ikiwachukiza, niachieni mimi niliyekuja nayo.