Kigelegele cha Shebuge

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Ila apeni kwanza: haya hayatoki nje ya kibaraza hiki. Mmeapa? Vizuri. Mimi nami nilimwapia bibi yangu, na leo navunja. Mdomo unaniwasha.

Zamani, mimi sijawa hata wazo, kijiji fulani kilikuwa na mwindaji, Shebuge. Kifua mbele, shingo kama jogoo. Akienda porini, anarudi na pembe. Ngoma, ndi! ndi! ndi! Wanawake, vigelegele. Na nyama? Kaiacha huko, inaliwa na tai.

Kesho tena, pembe. Ndi! ndi! ndi! Vigelegele. Na nyama? Tai.

Mzee Mhina, mtu wa maneno machache, akamuuliza hadharani, "Mwanangu, ulikuwa na njaa?"

"Hapana, baba."

"Mnyama alikuvamia?"

"Hata."

"Sasa ulimuulia nini?"

Shebuge akacheka. "Mzee, wewe hujawahi kupigiwa kigelegele!"

Watu hoi kwa kicheko. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alicheka kuliko wote. Tena kigelegele kirefu kilikuwa chake. Siri yenyewe ndiyo hiyo.

Wanyama wakaisha. Akabaki tandala mmoja, dume zee, jicho moja bovu. Kila asubuhi anakuja kula maganda ya maboga mikononi mwa watoto.

"Huyu mwacheni afe kwa uzee wake," akasema Mzee Mhina. Wote wakaitikia, Shebuge naye.

Wiki ikapita bila ngoma. Ya pili. Shebuge akipita, wanawake wanatwanga tu, twa! twa!, hawainui macho. Ikamuuma jamani! Akatangaza, "Kesho naleta dume kali, limeua watu bonde la pili. Wekeni ngoma tayari."

Asubuhi ngoma tayari, watu tele. Tandala hakuja kula. Mzee Mhina akatazama chini, akaona maganda ya boga yamedondoka moja moja, yakielekea kichakani.

"Ngoma kimya. Nifuateni."

Wakaenda, nyata, nyata. Wakafunua majani.

Wamechelewa. Tandala amelala, kamba shingoni, ganda bado mdomoni. Shebuge kapiga magoti kando yake, tawi la miiba mkononi, anajikwaruza kifua, kwaru! kwaru!, aonekane amepigana.

Akainua uso. Kijiji kizima kinamtazama.

Wajukuu zangu, anayeua bila njaa anataka kutazamwa. Ukimshangilia, umemshikia kamba. Hadithi yangu naitua hapo, na kifua kinaniuma.