Subiri Matangazo

"Sema basi! Mara moja tu!"

"Niseme nini, mama watoto?"

"Kama yule wa kwenye tamthilia. Jana kapiga magoti kwenye matope, na suti yake nyeupe, akamwambia mwenzake, 'Siku ukiugua, nitakaa kando ya kitanda chako mpaka upone.' Wewe umewahi kuniambia neno gani?"

"Nimekuambia betri imejaa."

"Baba watoto, usinifanyie mzaha!"

"Sasa nitaapaje? Wewe unabeba gunia la mahindi peke yako. Utaugua lini?"

Wapendwa, hao walikuwa mume na mke. Kijijini kwao umeme ulikuwa haujafika. Runinga yao ndogo ilitumia betri ya gari, na kila Jumamosi mume aliifunga betri hiyo nyuma ya baiskeli, akaenda nayo sokoni kuichaji, akaisubiri huko mpaka alasiri. Yeye mwenyewe tamthilia hakuzitazama. Zikianza tu, anasinzia kwenye kiti.

Jumamosi moja mvua ilimkuta njiani. Akavua koti lake, akaifunika betri. Jumatatu akaamka anatetemeka kwa homa.

Msidhani mke alikuwa mbaya. Alimpeleka zahanati, akampikia uji, akamfunika blanketi mbili. Lakini Jumatano jioni ilikuwa siku ya harusi kwenye tamthilia, na harusi ile alikuwa ameisubiri wiki tatu. Bwana harusi akamshika bibi harusi mkono. Mke akasogeza kigoda karibu na runinga.

Sauti ikatoka chumbani: "Mama watoto, naomba maji."

"Nakuja. Subiri matangazo."

Bwana harusi akaanza kuapa yale yale aliyoyasema kwenye matope. Mke aliyajua maneno yale kwa moyo, akawa anayasema pamoja naye, taratibu, huku machozi yanamtiririka. Akayafuta kwa ncha ya khanga.

"Mama watoto."

"Jamani, ndiyo anaapa sasa hivi! Kidogo tu!"

Mtungi wa maji ulikuwa kwenye jiko la nje. Mke akasikia mlango wa nyuma ukilia. Akasikia kikombe cha bati kikigonga mtungi. Akajiambia ni kuku ameingia jikoni. Je, kweli hakujua? Au mtu akiwa katikati ya utamu husikia kile anachotaka kusikia?

Sisemi tusitazame. Mimi mwenyewe nazipenda. Tangu niache shule nashinda nyumbani na bibi yangu, na yale maneno matamu yananiliza kila siku. Maneno yenyewe hayana kosa. "Nitakaa kando ya kitanda chako." Ni maneno mazuri, hata Mungu ametuambia yanayofanana na hayo. Tatizo ni kwamba ukishalia, unajiona umeshapenda. Machozi yamekutoka, moyo umekuwa laini, unakaa pale umeridhika kama mtu aliyefanya kazi kutwa. Na kumbe hujanyanyuka kwenye kigoda.

Sisi nasi tuko hivyo hivyo. Jumapili tunaimba, "Bwana, nitakufuata popote," mikono juu, macho tumefumba, wengine tunalia kabisa. Nani alikuwa anatuita wakati ule? Ni mgonjwa gani wa jirani tuliyemwambia asubiri ibada iishe, kisha tukapita mlangoni kwake tukiwa bado tunaimba? Mimi bibi yangu ameniita mara ngapi nikamjibu, "Bibi, ngoja"? Sijui. Sikuwa nahesabu. Ningependa kuzirudisha zile mara, hata moja, niende nikiwa nakimbia.

Yule mke alitaka kiapo. Alikuwa nacho kila Jumamosi nyuma ya baiskeli, hakukitambua. Na siku ya kukitimiza cha kwake, maneno yote alikuwa anayajua.

Matangazo yalipoanza, akainuka haraka, akageuka. Mume wake alikuwa amesimama kwenye mlango wa sebule, kashikilia fremu kwa mkono mmoja, kikombe kwa mkono mwingine, shati limelowa kifuani kwa maji yaliyommwagikia. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Alimwangalia mkewe mwenye machozi usoni, akatabasamu kidogo, akasema:

"Kaa tu, mama watoto. Maji nimeshayapata."