Mtoto Anayesubiri Jina

Hapo zamani, wala si zamani ya majini, ni zamani ya juzi tu, simu zilipokwisha kupanda milima ya Upare, walikuwapo wanawake watatu waandika programu: Nakijwa, Namsifu na Zaina. Kazi yao ilikuwa moja: mkunga wa kijiji akituma ujumbe, kompyuta yao imwite dereva wa gari la wagonjwa.

Vijiji vilikuwa mia mbili. Programu yao ya kwanza ilibisha hodi kwa kila mkunga. Wewe una habari? Sina. Wewe? Sina. Wewe? Sina. Ikimfikia mwenye habari, mtoto ameshazaliwa njiani.

Nakijwa akaleta maktaba. Maktaba ya watu hawa si ya vitabu, jamani. Ni programu iliyokwisha kuandikwa na wengine, wewe unaipachika ndani ya yako. Hii haizunguki kuuliza. Inakaa, inasikiliza milango yote mia mbili kwa pamoja, na penye tukio inakuamsha.

Namsifu akaandika la kufanya ukishaamshwa: pokea, mwite dereva, rudi usikilize. Usimngoje akujibu!

Zaina, mwenye wasiwasi wa kuzaliwa nao, akaongeza saa: dereva asipojibu kwa dakika tatu, aitwe mwingine. Wenzake wakamcheka. "Zaina, wewe hata maji baridi unayapuliza."

Alhamisi moja adhuhuri ikashuka mvua kubwa, magari ya abiria yakakwama. Wakunga sitini wakatuma ujumbe kwa mpigo. Mmoja wao alikuwa na Nanzia, mwenye mimba ya kwanza, naye alikuwa akitokwa damu. Programu ikawasikia wote sitini. Ikamwita dereva wa karibu na Nanzia. Kimya! Bwana yule alikuwa anakula makande, simu kaiacha garini. Dakika tatu zikatimia, saa ikalia, akaitwa dereva wa pili, Eliesikia. Akafika. Nanzia akapona, binti akazaliwa akilia kwa nguvu zote. Nilifurahi mie, acha tu!

Kwa desturi ya nyumba alikoolewa Nanzia, bibi mzaa baba ndiye mtoa jina, na jina ni moja. Bibi huyo, Koko Nambike, akawaita wale watatu. "Mjukuu wangu atachukua jina la aliyemwokoa. Semeni."

"Ni mimi, Koko," akasema Nakijwa. "Bila maktaba yangu tungekuwa bado tunabisha hodi kwa mkunga wa arobaini. Na hata hiyo saa ya Zaina inaendeshwa na maktaba hiyo hiyo."

"Maktaba yako? Uliiandika wewe?" akadakia Namsifu. "Ni mimi. Bila amri zangu programu ingesimama kumngoja yule mla makande, masikio yangeziba, na saa isingelia kamwe."

"Mngesikia, mngeita, mngerudi kusikiliza," akasema Zaina, "na yeye bado anakomba sufuria. Ni mimi, mliyenicheka."

Eliesikia akakohoa mlangoni. "Na mimi niliyeendesha kwenye tope?"

"Wewe ni mwanamume, baba," akamjibu Koko. "Keti ule."

Koko akamtazama mtoto: siku ya saba, hana jina, ananyonya tu. "Kila anayesema, namwamini," akalalamika. "Nifanyeje mimi?"

Haya, ninyi mliokaa kimya kama wakunga wasio na habari! Koko kamshika mtoto, majirani wanangoja kuimba. Je, nani alistahili: aitwe Nakijwa, aitwe Namsifu, au aitwe Zaina?