Chemchemi Iliyofunikwa

Hapo zamani, zamani za watu wasiosikia, na msidhani wamekwisha, kulikuwa na nchi huko magharibi ya Marekani ikiitwa Nchi ya Chumvi. Haikuwa jimbo bado. Serikali ilikuwa mashariki, mwendo wa miezi mitano kwa magari ya kukokotwa, nayo iliiita "eneo" tu, kama mtu anavyosema "kile kitu kilichoko stoo."

Nawaeleza kwanza nchi yenyewe ilivyokaa, na asinikatize mtu. Mashariki kuna milima yenye theluji. Magharibi kuna milima mingine. Katikati ni uwanda wa chumvi, mweupe, mkavu, safari ya siku nyingi. Na kuna mto. Mto unashuka milimani kwa makelele, unaingia uwandani, unapungua, unapungua, unazama mchangani, basi. Hauendi baharini. Hauendi popote. Kila aliyezaliwa pale alilijua hilo.

Sasa, huko mashariki, ofisini, kivulini, alikaa mpima ardhi aitwaye Ephraim Tuttle. Akaambiwa achore ramani ya Nchi ya Chumvi. Alikuwa ameiona? Hakuwa ameiona. Alisikia kuna mto, akauchora. Akajiuliza unaishia wapi, akakumbuka kwamba mito huishia baharini, akavuta kalamu mpaka baharini. Mstari mzuri wa buluu. Kuuliza si ujinga, wahenga walishasema, lakini nani alimwambia Tuttle?

Na ubaya ni kwamba aliiamini ramani yake. Akakusanya watu arobaini, wanaume, wanawake na watoto, akawaongoza kwenda kutafuta makazi magharibi. Na kwa kuwa ramani ilionyesha mto mpaka baharini, wakabeba mashua. Mashua! Juu ya gari, kupita milima yenye theluji, wakisukuma, wakiteleza, wakitupa vyungu na magodoro njiani ili mashua ipate nafasi. Mapipa ya maji nayo wakayatupa. Mtu anayekwenda kusafiri mtoni abebe maji ya nini?

Aliyeendesha wanyama wao alikuwa Lorenzo Apodaca, mtu wa kusini, mwenye baghala kumi na wawili, wale watoto wa punda na farasi. Hakuwa na mali nyingine duniani. Mto ulipozama mchangani, Lorenzo akamwendea Tuttle.

"Bwana, mto umekwisha."

"Haujakwisha. Ramani inasema unaendelea."

"Bwana, nimesimama juu yake. Viatu vyangu vikavu."

"Umepita chini kidogo, utatokeza. Twende mbele."

Siku ya kwanza wakaenda mbele. Lorenzo akasema, "Bwana, tuwafungue baghala. Baghala hunusa maji. Tuwafuate." Tuttle akasema, "Mimi nimesoma. Baghala hajasoma." Siku ya pili wakaenda mbele. Lorenzo akasema, "Bwana, tuwafungue baghala." Tuttle akaikunjua ramani. Siku ya tatu, kitoto kimoja mgongoni mwa mama yake kikaacha kulia. Lorenzo akachomoa kisu, akakata kamba zote.

Baghala wakakimbia kaskazini, watu nyuma yao, wengine wakitambaa. Wakafika penye vichaka, baghala wakaanza kuparua ardhi kwa kwato. Maji? Hakuna maji. Mawe bapa na matawi makavu.

Hapo akatokea mama mmoja na fimbo, anapiga kelele. Alikuwa wa watu wa pale pale, walioishi kando ya uwanda huo tangu enzi za mababu zao. Jina lake alikuja kulitaja baadaye mbele ya jaji mara tatu, na mara tatu karani wa jaji akaandika "mama mmoja wa kienyeji," ndiyo maana nami sina jina la kuwapa. Jambo hilo linaniudhi mpaka leo.

Desturi ya watu wake ilikuwa hivi. Chemchemi ndogo hufunikwa. Ukishakunywa, unarudisha mawe na matawi, jua lisiikaushe, wanyama wasiikanyage. Haina mwenyewe, anayekunywa ndiye anayetunza. Lakini ukiifunua mbele ya wageni, na wageni wakaiharibu, wewe ndiye utakayejibu. Hutakunywa tena na ndugu zako.

Mama yule akakitazama kitoto kisicholia. Alijua vizuri anachokifanya. Akaondoa mawe.

Chini yake palikuwa na maji kidogo, shimo la mtu mmoja kupiga magoti. Mama akatoa kapu lake lililopakwa utomvu wa msonobari lisivuje, akaamuru: watu kwanza, kapu kwa kapu. Wanyama wakae mbali, wakikanyaga hapa hatapata mtu tone. Lorenzo aliijua lugha yake, kwa kuwa alipita nchi hizo miaka mingi na mizigo. Akasimama mbele ya baghala wake, akawazuia kutwa nzima. Watu arobaini wakanywa, na kitoto kikalia tena. Baghala saba wakafa wakingoja zamu, hatua ishirini kutoka kwenye maji waliyoyanusa wao wenyewe.

Na Tuttle je? Naona mnamcheka. Ngojeni. Tuttle alikumbuka kwamba nyuma yao kuna misafara miwili, watu mia mbili, nao wana ramani yake mkononi. Akachukua kiriba cha maji na mnyororo wa kupimia, akairudia chumvi peke yake. Siku sita anapima, anasimika nguzo za kuonyesha njia ya kwenda chemchemini, mpaka akakutana nao, akawageuza. Hakufa mtu. Lakini jua lilirudi usoni kwake kutoka kwenye ile chumvi nyeupe siku zote sita, na siku ya saba wakaanza kumrudisha wamemshika mkono. Hakuona tena.

Mwaka uliofuata serikali ikaleta jaji, jina lake Pettibone. Mahakama hakuna, akaketi dukani juu ya pipa la unga. Sheria yake ilikuwa moja: chemchemi iandikwe kwa jina la mtu mmoja, yule aliyeifungulia nchi njia. Isipoandikwa kabla ya jua kutua, itakuwa ya atakayewahi kupiga vigingi vya mpaka pale. Na nje ya duka walisimama wanaume kumi na mmoja, vigingi wameshachonga.

Tuttle akasema, "Mheshimiwa Jaji, aliyeikosea njia ni mimi, na aliyeirekebisha ni mimi. Watu mia mbili wako hai. Macho yangu yako kule kwenye chumvi. Niandike mimi, nitawagawia watu wote maji kwa kipimo."

Lorenzo akasema, "Mheshimiwa Jaji, yeye alikuwa na ramani, mimi nilikuwa na baghala. Nisingekata kamba, angepotea na watu wake wote. Nina baghala watano waliobaki, sina pa kuwanywesha. Niandike mimi."

Ikaja zamu ya mama. Mkalimani nani? Lorenzo huyo huyo, mshindani wake, maana hakuna mwingine! Naye akatafsiri neno kwa neno, hata yaliyomuumiza, na hilo nalo mlipime.

Mama akasema, "Mnasema mmeyapata maji. Maji hayakupotea. Mliopotea ni nyinyi. Huyu mwenye baghala ni mtu mwema, lakini baghala hawajui kufunika. Mkimpa yeye, baada ya miaka mitatu ni tope. Huyu asiyeona atawagawia watu wote, na kila mmoja atasema kufunika ni kazi ya mwenzake."

"Basi tukuandike wewe," jaji akasema.

"Mkiniandika mimi, ndugu zangu watasema nimejitwalia cha wote. Sitakunywa nao tena."

Jaji akaiweka kalamu chini kwa nguvu. "Mama, jua linatua! Unataka nini?"

"Nataka anayekunywa afunike."

"Hilo halina pa kuandikwa! Mimi nina mstari mmoja, nataka jina!"

Nje, mtu mmoja akaanza kupima kigingi chake kwa kiganja.

Haya, msinitazame mimi, mimi nimeshachoka nao. Na wewe uliyeinua mkono kusema wagawane sawasawa, shusha, wale kumi na mmoja walio nje nao wanasema hivyo hivyo, ili wapate fungu. Jaji ameishika tena kalamu na jua limegusa mlima. Aliyetoa macho yake yupo. Aliyetoa wanyama wake yupo. Aliyefunua mawe yupo, na akiandikwa anapoteza ndugu zake, asipoandikwa anapoteza maji. Je, nani alistahili kuandikwa?